Mpigo wa sumakuumeme: Wananchi wajiandaeje na wasichoambiwa?

USIKU wa Julai 8, mwaka 1962, mjini Honolulu katika visiwa vya Hawaii, watu walipanda juu ya mapaa ya hoteli za ufukweni, baadhi yao wakiwa na vinywaji mikononi, wakisubiri bomu lilipuke.

Hawakuwa wamerukwa na akili. Magazeti ya mji huo yalikwisha kutangaza kwamba Serikali ya Marekani ingelipua bomu la nyuklia angani, juu ya kisiwa kidogo cha Johnston katika Bahari ya Pasifiki, yapata kilometa 1,450 kutoka Honolulu, na kwamba mwanga wake ungeonekana vizuri. Jaribio la kwanza, la Juni mwaka huo huo, lilikuwa limeshindikana baada ya roketi kuharibika njiani, hivyo hamu ya watazamaji ilikuwa imeongezeka maradufu.

Ilipotimu saa tano usiku, bomu hilo lenye nguvu ya megatoni 1.4, lililobebwa na roketi aina ya Thor, lililipuka umbali wa kilometa 400 kutoka usawa wa bahari. Anga liling'aa kama mchana, likageuka kijani, kisha likawa jekundu kama damu kwa dakika kadhaa. Mshindo haukusikika, kwani huko juu hakuna hewa ya kubeba sauti.

Lakini katika sekunde ile ile yalitokea mambo ambayo magazeti hayakuyatabiri. Taa za barabarani zipatazo 300 katika kisiwa cha Oahu zilizimika. Ving'ora vya kuzuia wezi vililia bila ya kuwapo mwizi. Mtambo wa mawasiliano uliounganisha simu na kisiwa jirani cha Kauai ulikatika.

Jaribio hilo, lililopewa jina la Starfish Prime, ndilo lililoufanya ulimwengu wa sayansi utambue kwa dhati nguvu ya kile kinachoitwa mpigo wa sumakuumeme. Nguvu hiyo iliwazidi hata waliolipanga jaribio lenyewe, kiasi kwamba vipimo vyao vingi vilipita ukomo wa mizani na kushindwa kusoma.

Wananchi wa Honolulu walioshuhudia yote hayo kwa macho yao hawakupewa maelezo ya kina. Uchambuzi wa wazi wa kitaalamu uliohusisha moja kwa moja taa zile na bomu lile, ulioandikwa na Charles Vittitoe wa maabara za Sandia, ulitolewa mwaka 1989. Ilikuwa imepita miaka 27.

Kisayansi, jambo lenyewe halina uchawi. Bomu la nyuklia linapolipuka hutoa miale mikali ya gama. Likilipuka karibu na ardhi, miale hiyo humezwa na hewa ndani ya eneo dogo. Likilipuka juu zaidi ya kilometa 30, miale hushuka bila kizuizi hadi inapokutana na tabaka la hewa lililoko kati ya kilometa 20 na 40 kutoka ardhini. Hapo hugonga molekuli za hewa na kuzibandua elektroni zake.

Elektroni hizo hukimbia kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na sumaku ya dunia huzipindisha njia. Elektroni inayopindishwa hutoa mawimbi ya aina ya redio. Zikipinda zote kwa wakati mmoja katika anga lenye upana wa maelfu ya kilometa, mawimbi hayo huungana kuwa pigo moja. Conrad Longmire, mwanafizikia wa maabara ya Los Alamos, ndiye aliyeeleza utaratibu huo kwa usahihi baada ya majaribio ya mwaka 1962.

Wataalamu hugawa pigo hilo katika sehemu tatu. Ya kwanza hufika kileleni ndani ya sehemu chache za bilioni moja za sekunde, na nguvu yake inaweza kufikia volti 50,000 kwa kila mita. Hiyo ndiyo adui wa kompyuta, simu na vifaa vyote vyenye saketi ndogo, na vizuia radi vya kawaida huwa havijawahi hata kuamka ikishapita. Sehemu ya pili hufanana na radi, na peke yake isingetisha sana, ila huja baada ya ile ya kwanza kuvunja kinga.

Ya tatu ni ya polepole. Hudumu kwa sekunde nyingi au hata dakika kadhaa, na huingia kwenye nyaya ndefu: njia kuu za umeme na nyaya za simu za masafa marefu. Mkondo wake huzipasha moto transfoma kubwa hadi baadhi kuungua. Mwili wa binadamu haudhuriki na lolote kati ya hayo matatu. Mtu aliyesimama barabarani asingehisi kitu. Angeona tu taa zimezimika.

Kutokana na urefu wa mlipuko, bomu moja lililoko kilometa 400 juu linaweza "kuona" ardhi yote iliyomo ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha zaidi ya kilometa 2,000. Hata hivyo ukali haulingani kila mahali. Hutegemea sana nguvu ya sumaku ya dunia mahali husika, na karibu na Ikweta sumaku hiyo ni karibu nusu ya ile ya maeneo ya kaskazini ya mbali. Kwa sababu hiyo, Hawaii ilipata sehemu nyepesi ya balaa hilo. Sehemu nzito iliwapata watu wengine miezi mitatu baadaye, na wao hawakualikwa kupanda juu ya mapaa.

Oktoba 22, mwaka 1962, tarehe ambayo Rais John Kennedy alilihutubia taifa lake kuhusu makombora ya Kirusi nchini Cuba, Jeshi la Muungano wa Kisovieti lililipua bomu la kilotoni 300 katika urefu wa kilometa 290, juu ya Kazakhstan, karibu na mji wa Zhezkazgan. Bomu hilo lilikuwa dogo kuliko la Wamarekani kwa zaidi ya mara nne. Tofauti ni kwamba chini yake haikuwapo bahari, bali nchi yenye miji, mitambo na nyaya.

Njia ya simu yenye urefu wa kilometa 570, iliyokuwa imewekewa vipimo, ilipitiwa na mkondo wa maelfu ya ampea na fyuzi zake zote zikaungua. Waya mkuu wa umeme wa urefu wa kilometa 1,000, uliofukiwa ardhini kwa kina cha karibu mita moja, nao ulizimika. Taarifa za baadaye zilieleza pia kuhusu moto katika kituo cha kufua umeme cha Karaganda.

Wakazi wa Kazakhstan hawakuambiwa kabla wala baada. Ulimwengu wa sayansi ulipata maelezo ya kina mwaka 1994, miaka mitatu baada ya Muungano wa Kisovieti kusambaratika, pale mwanasayansi wa Kirusi, Vladimir Loborev, alipoyawasilisha katika mkutano wa kitaalamu mjini Bordeaux, Ufaransa.

Majaribio ya aina hiyo yalikoma baadaye. Agosti 5, mwaka 1963, Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti zilitia saini mjini Moscow mkataba wa kupiga marufuku milipuko ya nyuklia angani, majini na katika anga za juu. Mkataba huo uliwaepusha watu na vumbi la sumu, na kwa hilo unastahili kila sifa. Lakini pia ulifunga mlango wa upimaji kabla somo halijaeleweka, na kile kidogo kilichokwisha kujulikana kikafungiwa kabatini na majeshi mawili hasimu.

Kuanzia hapo ikazuka hali ya ajabu. Majeshi yalianza kukinga ndege za amri, makombora na mahandaki yao kwa gharama kubwa, huku wahandisi wa mashirika ya umeme ya kiraia, ambayo yanategemewa na majeshi hayo hayo, wakiwa hawajui wanapaswa kukinga nini na kwa kiwango gani. Kitabu rasmi cha Marekani kuhusu athari za silaha za nyuklia kilikuja kutenga sura nzima kwa suala hili katika toleo la mwaka 1977. Msomaji wa kawaida alianza kulisikia mwaka 1981, mwandishi William Broad alipochapisha mfululizo wa makala katika jarida la Science. Mwaka 1983 filamu ya televisheni, The Day After, iliwaonyesha mamilioni ya watazamaji magari yakizimika barabarani kwa pamoja. Na kama ilivyo kawaida, filamu ndiyo iliyobaki vichwani.

Huko Uingereza, utamaduni wa kuwaficha wananchi mambo ya aina hii ulikwisha kuwa sera. Serikali ilikuwa imeandaa kijitabu cha kuzifundisha kaya namna ya kujikinga na shambulio la nyuklia, kiitwacho Protect and Survive, lakini mpango ulikuwa kukigawa vita vitakapokuwa mlangoni, si kabla. Gazeti la The Times lilipokiandika Januari 1980, wananchi waliuliza kwa nini kilichoandikwa kwa ajili yao hawaruhusiwi kukisoma. Mei mwaka huo kikatolewa kwa wote, tena kwa kuuzwa, peni 50 kila nakala.

Nchini Marekani, chini ya hoteli ya kifahari ya Greenbrier, jimboni West Virginia, lilichimbwa handaki kubwa la kuwahifadhi wabunge wa nchi hiyo siku ya maafa. Wageni wa hoteli walikula na kucheza gofu juu yake kwa miaka 30 bila kujua. Mei 31, mwaka 1992, mwandishi Ted Gup alifichua siri hiyo katika gazeti la Washington Post, na handaki likaachwa. Leo watalii hulipa kiingilio kulitazama.

Kilichowauma wengi haikuwa kwamba viongozi wana mahali pa kujificha. Serikali yoyote huhitaji kuendelea kuwapo. Kilichouma ni kwamba maandalizi ya wachache yalikuwa yamekamilika kila kitu, vitanda kwa vitanda, wakati maandalizi ya walio wengi yalikuwa kijitabu kilichofungiwa stoo.

Ombwe hilo la taarifa lilipojaribiwa kuzibwa, matokeo hayakuwa mazuri sana. Mwaka 2001 Bunge la Marekani liliunda tume maalumu ya kutathmini hatari ya mpigo wa sumakuumeme, chini ya uenyekiti wa William Graham, aliyewahi kuwa mshauri wa sayansi wa Rais Ronald Reagan. Tume ilitoa ripoti yake ya kwanza Julai 22, mwaka 2004. Siku hiyo hiyo ndiyo iliyotolewa ripoti ya tume nyingine, ile ya mashambulizi ya Septemba 11, na bila shaka hakuna mhariri aliyehangaika na transfoma.

Walioisoma walikuta mambo ya maana. Tume ilionya kwamba hatari kubwa haiko kwenye kifaa kimoja kimoja bali kwenye kutegemeana: umeme ukikatika pampu za maji husimama, mafuta hayapakuliwi, benki hazifunguki, na mawasiliano yanayohitajika kuurudisha umeme nayo huwa hayapo. Transfoma kubwa za gridi, zenye uzito wa mamia ya tani, hazikai dukani. Huundwa kwa oda, na kuipata moja huchukua mwaka au zaidi.

Tume hiyo pia ilifanya kile ambacho watengeneza filamu hawakukifanya. Ilichukua magari 37 madogo na malori 18 na kuyaweka kwenye mtambo wa kutoa mpigo wa bandia. Yaliyokuwa yamezimwa hayakudhurika. Kati ya magari madogo yaliyokuwa yakiunguruma, matatu yalizimika pale nguvu ilipofikia kiasi cha volti 30,000 kwa mita, na madereva wangeweza kuyawasha tena. Yale yaliyobaki, mengi yalipata hitilafu ndogo ndogo au hayakupata kabisa.

Pamoja na hayo, kilichosambaa zaidi mitaani si majaribio hayo, bali takwimu moja: kwamba ndani ya mwaka mmoja baada ya shambulio, asilimia 90 ya Wamarekani wangekuwa wamekufa. Chimbuko lake linastahili kuelezwa. Julai 2008, katika kikao cha kamati ya Bunge, mbunge Roscoe Bartlett alisema amesoma mswada wa kitabu ambacho kinaishia na idadi hiyo ya vifo, akamuuliza Graham kama ni jambo linalowezekana. Graham alijibu kwamba hakuna uzoefu wa tukio kama hilo, lakini akaona idadi hiyo imo katika kiwango sahihi.

Kitabu chenyewe, One Second After cha William Forstchen, ni riwaya. Kilitoka mwaka uliofuata.

Hapo ndipo usiri unapogeuka kuwa hatari ya pili. Watu wanaponyimwa hesabu za kweli huokota za hadithi, nazo zikirudiwa mara nyingi mbele ya kamati za Bunge huvaa koti la utafiti. Wafanyabiashara wa masanduku ya chuma na vyakula vya makopo hawakuchelewa kuliona soko hilo.

Mwaka 2019 taasisi ya utafiti ya mashirika ya umeme ya Marekani, EPRI, ilitoa ripoti yenye picha tofauti. Ilikiri kwamba bomu moja la angani linaweza kuangusha umeme katika eneo la majimbo kadhaa, na kwamba vifaa vya kielektroniki vya kulinda njia za umeme vinaweza kuharibika kwa wingi. Lakini haikuona uwezekano wa nchi nzima kubaki gizani kwa miezi mingi, wala transfoma kuungua kwa mamia. Wakosoaji walidai kwamba hesabu zilitumia nguvu ndogo kuliko ile ya silaha za kisasa, ambayo vipimo vyake bado ni siri. Ni vigumu kwa mwananchi kuamua mzozo ambao ushahidi wa upande mmoja umefungiwa.

Watetezi wa usiri nao wana hoja, na si sahihi kuzidharau. Orodha ya udhaifu wa gridi ni ramani kwa mwenye nia mbaya. Mwaka 2014 gazeti la Wall Street Journal liliandika kuhusu uchambuzi wa tume ya serikali inayosimamia nishati, FERC, uliokuwa umeonyesha kwamba kuharibiwa kwa vituo tisa tu muhimu vya kupozea umeme, kati ya vituo 55,000 hivi, kungeweza kuzima Marekani nzima siku ya joto kali. Mkuu wa tume hiyo wakati huo, Cheryl LaFleur, alilaani kuchapishwa kwa habari hiyo. Gazeti halikutaja vituo vyenyewe. Lakini swali la nani alipaswa kuujua udhaifu huo, na kwa muda gani ungekaa bila kurekebishwa endapo ungebaki siri, halikupata jibu la moja kwa moja.

Tofauti iliyo muhimu ni kati ya siri za kiufundi na taarifa za kujikinga. Mwananchi hahitaji kujua kituo kipi kinaweza kuangushwa. Anahitaji kujua ni siku ngapi atakaa bila maji.

Kwa jambo hilo, jua limekuwa mwalimu bora kuliko mabomu, kwa kuwa halina idara ya siri. Dhoruba za jua huleta duniani mkondo unaofanana na ile sehemu ya tatu ya mpigo. Septemba 1859 dhoruba kubwa, iliyopewa jina la mtaalamu wa nyota Richard Carrington, iliivuruga mitambo ya telegrafu katika Ulaya na Amerika. Machi 13, mwaka 1989, dhoruba nyingine iliangusha gridi nzima ya jimbo la Quebec, Canada, kwa muda wa sekunde zipatazo 90, na watu milioni sita wakakaa gizani kwa saa tisa.

Dhoruba za Oktoba 2003 zilizima umeme mjini Malmö, Sweden, na uchunguzi uliofanywa baadaye ulizihusisha na kuharibika kwa transfoma kadhaa nchini Afrika Kusini. Kwa hiyo dhana kwamba hilo ni tatizo la nchi za barafu peke yake haina msingi. Mei 2024 ilikuja dhoruba kali kuliko zote tangu hiyo ya 2003, lakini safari hii utabiri ulikuwa umetolewa hadharani, waendesha mitambo wakajiandaa, na umeme haukuanguka.

Kuhusu maisha ya mji usio na umeme kwa muda mrefu, wasomaji wa Afrika Mashariki hawana haja ya kusoma riwaya ya Kimarekani. Kisiwa cha Unguja kilikaa bila umeme wa gridi karibu mwezi mzima, kuanzia Mei 21 hadi Juni 18, mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kutokana na hitilafu katika njia ya umeme inayotoka bara na kupita chini ya bahari. Hakukuwa na bomu wala dhoruba ya jua.

Kilichoanza kusumbua haikuwa giza. Pampu za serikali zilisimama na maji yakakosekana mabombani, watu wakarudi visimani na kwenye foleni za ndoo. Waliotegemea majokofu kuhifadhi samaki na nyama walipoteza mtaji. Wenye jenereta waliendelea kwa kadiri mifuko yao ilivyomudu dizeli, nayo dizeli ilifika kwa sababu meli na bandari ya Dar es Salaam zilikuwa zinafanya kazi. Hapo ndipo tofauti ilipo. Unguja ilikuwa na pa kuomba msaada. Katika janga linalofunika kilometa 2,000, jirani naye yumo gizani.

Nairobi nayo ilipata onjo lake Agosti 25, mwaka 2023, umeme ulipokatika karibu Kenya nzima. Jenereta ya akiba ya baadhi ya majengo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iligoma kuwaka. Kifaa cha dharura ambacho hakijaribiwi huwa ni pambo.

Maandalizi ya kaya, kwa kadiri wataalamu wanavyokubaliana, ni ya kawaida mno kiasi cha kuwakatisha tamaa wapenda sinema. Maji kwanza, kwa siku kadhaa kwa kila aliyemo nyumbani. Chakula kisichohitaji jokofu. Dawa za wagonjwa wa kudumu, hasa wanaotumia insulini. Mkaa, mafuta ya taa au gesi ya kupikia. Fedha taslimu, za noti ndogo, kwa kuwa siku hiyo hakuna muamala wa simu utakaopita.

Redio ndogo ya betri ni ya lazima, na ndicho kifaa kimoja kinachofaa kuwekwa ndani ya kinga ya chuma. Kopo la chuma lenye mfuniko unaobana pande zote, na kifaa kikiwa kimefungwa kwa karatasi au kitambaa kisigusane na chuma, hupunguza sana nguvu ya mpigo. Vifaa vidogo visivyounganishwa na waya mrefu vina nafasi nzuri ya kusalimika hata bila kopo. Kilicho hatarini zaidi ni kile kilichochomekwa ukutani, kwa kuwa waya wa umeme ndio antena yenyewe.

Redio haina maana bila kituo cha kutangaza. Serikali ya Marekani ina mtandao wa vituo 77 vya redio vilivyowekewa jenereta na mafuta ili vitangaze hata gridi ikianguka, na baadhi vimejengewa kinga dhidi ya mpigo. Machi 2019 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuzitaka wizara mbalimbali kuratibu maandalizi. Tume ya Graham, iliyokuwa imefufuliwa, ilikwisha kuvunjwa mwaka 2017, na baadhi ya ripoti zake zikaondolewa muhuri wa siri katika miaka iliyofuata.

Sweden ilichagua njia nyingine kabisa. Mwaka 2018 serikali yake ilituma kijitabu kwa kaya zote, zipatazo milioni 4.8, kikieleza kwa lugha nyepesi nini cha kufanya mgogoro au vita vikija. Novemba 2024 kilitumwa toleo jipya. Maji, chakula, redio, fedha taslimu: yote yamo. Hakikuuzwa, na hakikusubiri adui afike mlangoni.

Wakati huo huo, suala ambalo wengi walidhani limekufa na Vita Baridi limerudi. Februari 14, mwaka 2024, mwenyekiti wa kamati ya ujasusi ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, Mike Turner, alitoa taarifa fupi akimtaka Rais Joe Biden aweke hadharani habari zote kuhusu tishio kubwa la kiusalama, bila ya kusema ni tishio gani. Kwa siku nzima taifa lilibaki likikisia. Kesho yake msemaji wa Ikulu ya Marekani, John Kirby, alithibitisha kwamba lilihusu silaha ya kuharibu setilaiti ambayo Urusi ilikuwa inaiunda, akasisitiza kwamba haijawekwa angani na haiwezi kuangamiza watu ardhini. Rais Vladimir Putin alikanusha, akisema nchi yake inapinga kuwekwa kwa silaha za nyuklia angani, jambo ambalo tayari limekatazwa na mkataba wa mwaka 1967.

Setilaiti zilikwisha kuonyesha namna zinavyoathirika. Miale iliyoachwa na bomu la Starfish Prime iliidhoofisha Ariel 1, setilaiti ya kwanza ya Uingereza, na pia Telstar, setilaiti ya mawasiliano iliyorushwa Julai 10, mwaka 1962, siku mbili baada ya watu wa Honolulu kushuka kutoka kwenye mapaa yao. Wakati huo setilaiti zote zilizokuwa zikiizunguka dunia zilikuwa chache za kuhesabika. Leo zinazofanya kazi zimepita 10,000, na ndizo zinazoongoza meli na ndege na kuzipa benki majira sahihi ya saa.

Aprili 24, mwaka 2024, Marekani na Japan ziliwasilisha katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa azimio la kuzitaka nchi zote zisiweke silaha za nyuklia angani. Wajumbe 13 waliunga mkono, China haikupiga kura ya upande wowote, na Urusi ikatumia kura ya turufu.